Deni la Chombo na Zamu ya Wadai

Jahazi likitia nanga Malindi, aliyesimama ufukweni huona matanga, mlingoti na magunia. Madeni hayaoni, ijapokuwa yamo humo tangu tezi hata omo. Aliyeuza mbao hajalipwa sawasawa. Tajiri aliyekopesha fedha za safari amelishika jahazi rehani. Mabaharia nao wangojea haki yao. Basi chombo kikiuzwa mnadani, na bei yake isitoshe kuwalipa wote, ni nani wa kwanza?

Swali hili halikuwa la mzaha katika pwani hii. Mnamo mwaka 1861 Sayyid Majid wa Unguja aliuhuisha mji wa Malindi, ambao kwa muda mrefu ulikuwa magofu. Katika miaka iliyofuata mashamba yake yalitoa mtama na ufuta kwa wingi, yakilimwa na watumwa ambao majina yao hayakuandikwa katika daftari la wadai wowote. Vyombo vilishuka kutoka Arabuni kwa pepo za kaskazi, vikarudi kwa kusi vimejaa nafaka. Biashara hiyo ilisimama juu ya mkopo: mwenye shamba alikopa kwa mfanyabiashara wa Kihindi, na mwenye chombo alikopa vivyo hivyo.

Katika nchi kavu kanuni ni nyepesi. Shamba la Takaungu likiwekwa rehani kwa watu wawili, kwa kawaida aliyetangulia kukopesha hutangulia kulipwa. Baharini mambo hugeuka juu chini. Tuseme jahazi limetoka Lamu, nalo limo rehani kwa tajiri wa Mombasa. Karibu na mlango wa Kilifi lapanda mwamba. Wavuvi watoka na mashua zao, walikwamua, walivuta mpaka ndani ya hori, chini ya Mnarani. Tajiri ana hati yake ya zamani. Wavuvi hawana hata karatasi. Lakini kama wasingalitoka, hati ile ingalikuwa rehani ya mbao zilizovunjika. Kwa hiyo wavuvi hulipwa mbele yake. Tena, chombo kikiokolewa mara mbili katika safari moja, mwokozi wa mwisho humtangulia yule wa kwanza, kwani bila yeye wa kwanza naye asingalipata kitu. Ni hesabu ya kinyumenyume, walakini mimi sioni iliyo ya haki kuliko hiyo.

Ndivyo ilivyokuwa sheria ya Waingereza, iliyofika pwani hii pamoja na utawala wao. Kwanza zilitolewa gharama za mahakama za kukikamata chombo na kukiuza. Zikafuata haki zilizoshikamana na chombo chenyewe: ujira wa waokozi, mishahara ya mabaharia, na fidia ya wale waliogongwa. Ndipo akaja mwenye rehani, na nyuma yake aliyeuza makaa, kamba na vyakula. Haki zile za mbele hazikubanduka hata chombo kikibadili mwenyewe. Mwaka 1848 meli ya moshi iitwayo Bold Buccleugh iligonga merikebu nyingine katika mto Humber, Uingereza. Kesi haijakwisha, ikauzwa kwa mtu asiyejua habari ile. Majaji wa Baraza la Malkia waliamua kwamba dai lilikuwa limeingia katika meli yenyewe siku ile ile ya kugongana, na mnunuzi alinunua meli pamoja na dai lake, apende asipende.

Kwa habari ya mishahara, hata Waingereza wenyewe walichelewa. Zamani kwao baharia hakuwa na haki ya mshahara ikiwa meli haikupata nauli. Meli ikizama, mshahara umezama nayo. Sheria ya mwaka 1854 ndiyo iliyokata kamba hiyo.

Katika majahazi ya Arabuni desturi ilikuwa nyingine. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililopita Lamu, Mombasa na Unguja, likaenda hata Rufiji kupakia boriti. Aliona ya kuwa mabaharia hawakupewa mshahara, bali mafungu ya pato baada ya gharama kutolewa. Wengi wao walikuwa wadeni wa nahodha, na nahodha mdeni wa tajiri. Hivyo mtu ambaye mbele ya hakimu angalikuwa mdai wa safu ya mbele, ndani ya jahazi alikuwa mdeni wa chini kabisa, na safari mbaya ilimwongezea mzigo.

Baada ya uhuru Kenya haikuitupa sheria ile. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ilipewa uwezo wa kusikiliza mashauri ya bahari kuu, ya maji ya pwani, na hata ya maziwa. Katika mashauri kama hayo meli yenyewe yaweza kuwa mshitakiwa, na tangu zamani hati ya kuikamata hubandikwa juu yake kama vile akabidhiwavyo mtu samansi. Meli iitwayo Lillian S ilishitakiwa namna hiyo na kampuni ya Caltex, iliyodai fedha za mafuta. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kabla ya kuuliza nani alipwe, hakimu sharti ajue kwanza kama anao uwezo wa kulisikiliza shauri. Wenye meli wakashinda, na muuza mafuta hakufika hata kwenye safu ya kungojea zamu yake.