Wana wa Harald

Zamani, katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, mtoto hakupewa jina la ukoo. Aliitwa kwa jina lake na la baba yake: Haraldsson ni mwana wa Harald, Haraldsdóttir ni binti Harald. Watu wengi wa Iceland hufanya hivyo hata leo. Si jambo geni kwetu: Bwana Yesu alimwita Petro Simoni Bar-Yona, yaani mwana wa Yona, na pwani yetu husema bin na binti.

Lakini je, jina la baba humrithisha mtoto moyo wa baba? Tuwatazame Haraldsson watatu, wote wafalme wa Norwei.

Wa kwanza ni Haakon. Baba yake alikuwa mpagani, lakini yeye alilelewa Uingereza kwa mfalme Athelstan, akawa Mkristo. Aliporudi kutawala alitamani watu wake wamfuate Kristo. Wakulima walipokataa alilegea, akakaa nao katika karamu za miungu.

Wa pili ni Olaf. Ujanani alikuwa Viking, mtekaji wa baharini. Alipobatizwa na kutawazwa, aliwalazimisha watu kuamini kwa upanga. Raia wake waliinuka dhidi yake, akauawa vitani Stiklestad mwaka 1030. Mwaka uliofuata alitangazwa mtakatifu.

Wa tatu naye aliitwa Olaf. Baba yake, Harald Hardrada, aliishi kwa vita akafa vitani, Uingereza, mwaka 1066. Kijana huyu alikuwa katika safari ile ile. Angeweza kurudi na kisasi moyoni. Badala yake alipatana na Denmark, akajenga kanisa Nidaros, mahali palipotajwa kuwa kaburi la Olaf wa kwanza, baba yake mkubwa. Alitawala kwa amani hadi 1093. Watu wakamwita Kyrre, maana yake Mtulivu.

Ndugu msomaji, jina ni moja, mioyo ni mitatu: mmoja aliogopa watu, mmoja alitumia nguvu, mmoja alichagua amani. Tunawapeleka watoto wetu kubatizwa na kuwapa majina mazuri, nasi twafanya vema. Lakini jina halitawaaminia. Na wewe uliyezaliwa na baba mkali au mlevi, usikate tamaa: waweza kubeba jina lake bila kubeba njia zake. Kila mmoja wetu ataitika mwenyewe siku Mungu atakapomwita.