Kioo Kinapozima: Historia ya Uchunguzi wa Hitilafu za Skrini ya Kompyuta

Kompyuta ikiharibika, mtumiaji huitazama skrini ili ajue kilichoharibika. Skrini yenyewe ikizima, mashine huwa imepoteza njia yake kuu ya kujieleza, na fundi hubaki na swali ambalo limeiongoza kazi hii kwa zaidi ya miaka 40: je, hitilafu iko katika kioo, katika waya unaokiunganisha na mashine, katika kadi ya michoro, yaani kipande cha elektroniki kinachogeuza hesabu za kompyuta kuwa picha, au katika programu inayoiendesha kadi hiyo? Swali hilo halikuwapo tangu mwanzo. Lilizaliwa pale skrini ilipotenganishwa na mashine na kuuzwa peke yake, na tangu hapo karibu kila kanuni iliyobuniwa katika uwanja wa skrini ilitokana na hasara au usumbufu uliotangulia, kiasi kwamba historia ya vifaa hivi haieleweki vizuri bila historia ya kuharibika kwake.

Chanzo cha skrini za awali ni mrija wa mionzi ya kathodi, chupa ya kioo isiyo na hewa ndani ambamo mwali wa elektroni hurushwa kutoka nyuma na kugonga unga wa fosfori uliopakwa upande wa mbele, nao unga huo hutoa mwanga. Mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza mrija wa namna hiyo mwaka 1897 akiwa Strasbourg. Inafaa kukumbukwa kwamba mrija huo ulikuwa chombo cha uchunguzi kabla ya kuwa chombo cha picha, kwa sababu Braun aliukusudia uonyeshe mienendo ya umeme unaobadilika kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata; kifaa ambacho mafundi wangekuja kukichunguza kwa miongo mingi kilianza kwa kuchunguza vingine. Hata katika kompyuta, kazi yake ya mwanzo haikuwa picha tu, kwani mashine ya majaribio iliyoendeshwa Manchester mwezi Juni 1948 ilitumia mirija hiyo kuhifadhi kumbukumbu, na nukta za chaji juu ya kioo zilikuwa ndizo data zenyewe.

Katika miaka ya 1960 na 1970 skrini iliingia maofisini kama sehemu ya kituo cha kazi, kifaa chenye kioo na baobonye kilichounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa iliyokaa chumba kingine. Kituo maarufu cha aina hiyo, VT100 cha kampuni ya DEC, kilitoka mwaka 1978 kikionyesha mistari 24 ya herufi 80. Kilipoharibika, mteja alimwita fundi wa kampuni, naye alikuja na spea zake na kuondoka na siri zake.

Hali hiyo ilibadilika tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi ambayo haikuwa na uwezo wowote wa kuonyesha picha mpaka ichomekwe kadi. Mnunuzi alichagua kati ya kadi mbili: moja ya maandishi ya rangi moja, yaliyosomeka vizuri mno, na nyingine ya rangi, iliyotoa picha hafifu zaidi. Kadi ya maandishi ilichora mistari yake kwa kasi ya takriban 18,400 kwa sekunde, na ya rangi kwa takriban 15,700, na kila moja ilihitaji monita yake. Monita ya maandishi, IBM 5151, haikuwa na mtambo wake wa kujiongoza katika kasi hiyo bali iliitegemea kadi moja kwa moja, hivyo kadi iliyotoa mwendo usiofaa, ama kwa kuunganishwa vibaya ama kwa kuamriwa vibaya na programu, iliweza kuunguza sehemu za ndani za monita. Hivyo maandishi ya programu, yasiyoshikika kwa mkono, yaliweza kuharibu chombo cha chuma na kioo.

IBM ilitambua pia kwamba kompyuta isiyo na picha haina namna ya kueleza shida yake, kwa hiyo mashine hiyo ilipowashwa ilijikagua kwanza, na kama kadi ya michoro haikuitikia, spika yake ndogo ilitoa mlio mmoja mrefu ukifuatwa na mifupi miwili. Watengenezaji wengine waliiga desturi hiyo kwa hesabu zao wenyewe za milio, na fundi mzuri wa miaka ya 1990 alijulikana kwa kusikiliza kabla ya kufungua. Ubunifu huu hautajwi mara nyingi katika vitabu vya historia ya kompyuta, ingawa uliokoa monita nyingi nzima zisitupwe kwa kosa la kadi.

Uhitaji wa watu waliosahauliwa na kiwango rasmi nao ulileta mabadiliko. Van Suwannukul, aliyetaka kuandika tasnifu yake kwa hati ya Kithai, alikuta kadi ya maandishi ya IBM haiwezi kuchora herufi zaidi ya zile zilizofungiwa ndani yake, naye akatengeneza kadi iliyoweza kuwasha na kuzima kila nukta ya skrini hiyohiyo ya rangi moja. Kadi hiyo, iliyouzwa na kampuni ya Hercules kuanzia mwaka 1982, ilienea sana. Wasomaji wa lugha ambazo hazikufikiriwa na wabunifu wa mashine hawana budi kuipa hadithi hiyo uzito wake.

Mwaka 1987 IBM ilileta kiwango cha VGA, chenye picha ya nukta 640 kwa 480 na plagi ya pini 15 ambayo hadi leo ipo nyuma ya mashine nyingi za zamani. Katika plagi hiyo rangi nyekundu, kijani na buluu kila moja ilipita katika pini yake, jambo lililowapa mafundi njia ya utambuzi isiyohitaji kipimo chochote: picha ikigeuka njano, buluu imekatika, ikigeuka zambarau, kijani imekatika, ikielekea samawati, nyekundu ndiyo iliyokosekana. Mara nyingi pini ilikuwa imepinda tu kwa sababu ya kuchomekwa kwa nguvu, na kuinyoosha kwa ncha ya bisibisi ndogo kulimaliza kazi. Shida ya kasi zisizolingana nayo ilishughulikiwa kwa hatua: kampuni ya NEC ilitoa mwaka 1985 monita iliyojirekebisha kwa kasi mbalimbali, kisha mwaka 1989 ikaongoza kuundwa kwa VESA, chombo cha pamoja cha watengenezaji kilichoweka viwango vya picha kubwa kuliko VGA, na mwaka 1994 chombo hicho kikaidhinisha utaratibu wa monita kuipelekea kompyuta maelezo mafupi kuhusu uwezo wake. Tangu hapo kioo na mashine vilianza kuzungumza kwa pande zote mbili. Hata hivyo ufumbuzi huo ulizaa hitilafu ya aina yake, kwa maana waya wa bei rahisi uliokosa pini za mawasiliano hayo uliifanya kompyuta isiitambue monita na kukataa kuonyesha picha kubwa, ingawa vifaa vyote vilikuwa vizima.

Ndani ya monita yenyewe, ile ambayo Watanzania huiita ya chogo kwa sababu ya nundu yake ya nyuma, kazi ilikuwa ya hatari. Mrija wa rangi ulihitaji umeme wa takriban volti 25,000, na chaji hiyo iliweza kubaki ndani muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo fundi aliyefunzwa aliiondoa kwanza kwa bisibisi iliyofungwa waya wa ardhi kabla ya kugusa chochote. Aliyekwisha kuvuka hatua hiyo aliisoma picha kama tabibu asomavyo ulimi wa mgonjwa: picha iliyojikunja ikawa mstari mmoja wa mlalo ilimaanisha sehemu inayoupeleka mwali juu na chini imekufa, na picha iliyovimba na kufifia mwanga ulipoongezwa ilimaanisha umeme mkubwa hautoshi. Madoa ya rangi pembeni yalitokana na usumaku, kwa kuwa nyuma ya kioo kulikuwa na bamba la chuma lenye matundu madogo lililoelekeza kila mwali kwenye rangi yake, na bamba hilo liliposhika usumaku, kwa mfano wa spika iliyowekwa karibu, miali ilipotea njia. Ndiyo maana monita hizo zilivuma kidogo zilipowashwa: koili iliyozunguka kioo ilikuwa ikifuta usumaku huo.

Usumaku wa dunia nao ulihusika, na hapa Afrika Mashariki ina nafasi ya pekee ambayo haijaandikwa vya kutosha. Mistari ya usumaku huzama ardhini katika nusu ya kaskazini na kuchomoza katika nusu ya kusini, kwa hiyo watengenezaji, Apple miongoni mwao, waliuza monita zilizorekebishwa kwa kila nusu ya dunia. Mstari wa kati wa usumaku huo hauendi sambamba na Ikweta ya ramani, bali barani Afrika hupita kaskazini yake, kwa hiyo Kenya na Tanzania zipo upande wa kusini kwa kipimo cha sumaku, ingawa nguvu ya wima ni ndogo kuliko Afrika Kusini. Monita ya mtumba iliyorekebishwa kwa ajili ya Ulaya ingeweza, ilipofika huku, kuonyesha rangi zilizosogea kidogo bila kasoro yoyote ndani yake.

Ujuzi wa mrija huo uliingia katika eneo hili kupitia runinga, wala haukuingia kwa kasi moja. Kenya ilianza matangazo ya runinga mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Zaidi ya hayo, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, marufuku iliyolegezwa katika miaka ya 1990, hivyo runinga na kompyuta zilienea upande wa Bara katika muongo mmoja, wakati huo mafundi wengi wakiwa ni mafundi wa redio. Kwao monita haikuwa kitu kigeni kabisa, kwa kuwa transfoma yake ya umeme mkubwa na koili zake zilifanana na za runinga. Kilichokuwa kipya ni yale yaliyokuwa upande wa pili wa waya. Nchini Kenya, shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilijenga kazi yake juu ya kufufua kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni.

Upande huo wa pili wa waya, yaani programu, ndiko hitilafu nyingi zilikohamia. Kila kadi ilihitaji draiva, programu ndogo inayoufundisha mfumo wa kompyuta namna ya kuitumia, na draiva isiyo yake ilileta picha iliyochanika au kioo cheusi. Watumiaji wa XFree86, mfumo wa michoro ulioanza mwaka 1992, waliandika kwa mkono vipimo vya kasi vya monita zao, wakionywa kwamba tarakimu isiyofaa ingeweza kuidhuru monita. Windows 95 ilitoa kimbilio: mashine iliweza kuwashwa katika hali ya usalama, ambamo draiva zote za kadi ziliachwa kando na picha ikarudi kwenye nukta 640 kwa 480 na rangi 16, kiwango cha mwaka 1987 ambacho karibu kila kadi ilikifahamu. Picha ikionekana katika hali hiyo, kioo na waya havikuwa na hatia.

Kioo bapa kilichoiondoa chogo kilitokana na fuwele za kimiminika, dutu ambayo mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer aliigundua Prague mwaka 1888 na ambayo kundi la George Heilmeier katika kampuni ya RCA liliitangaza kama njia ya kuonyesha picha mwaka 1968. Fuwele hizo hazitoi mwanga, bali huuzuia au kuupitisha mwanga wa taa iliyo nyuma, na tofauti hiyo ilibadili utambuzi wote. Kioo kilichoonekana kimekufa kilimulikwa kwa tochi. Picha hafifu ikionekana, kioo kilikuwa kizima na kilichokufa ni taa ya nyuma au saketi inayoipandishia umeme. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii hitilafu nyingi zilitoka mahali duni zaidi, kwenye kapasita za umeme zenye kemikali mbovu, ambazo vichwa vyake vilivimba na kupasuka. Fundi mwenye chuma cha kulehemu alizibadilisha na kuirudishia monita uhai wa miaka. Kadi za michoro zilikuwa na msiba mwingine. Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta za mkononi zilizofungwa kwa malighafi dhaifu iliyopasuka kutokana na kupata joto na kupoa mara kwa mara. Desturi iliyoenea ya kuichoma chipu kwa hewa ya moto ili picha irudi haikuondoa udhaifu huo, na mteja alistahili kuelezwa hivyo kabla ya kulipa.

Chogo zenyewe ziliacha deni. Kioo cha nyuma cha mrija wa rangi kina risasi nyingi, iliyowekwa ili kuzuia mionzi, na zamani kilisagwa na kuyeyushwa ili kutengeneza mirija mipya. Viwanda vya mirija vilipofungwa, soko hilo lilikufa. Mwaka 2009 Uganda iliamua kuzuia uingizaji wa kompyuta na runinga zilizotumika, kwa hofu ya kuwa jaa la nchi nyingine. Wanaovunja shingo ya mrija kwa ajili ya shaba ya koili huacha kioo hicho chenye risasi bila mnunuzi. Vioo bapa vya kizazi cha kwanza havikosi sumu pia, kwa kuwa taa zao nyembamba za nyuma zina zebaki, nazo hubadilishwa karakanani kwa vipande vya LED, huku za zamani, zinazopasuka kwa urahisi, zikihitaji kutolewa na kuhifadhiwa zikiwa nzima.