Kuchomelea plau na tela nyumbani: kipi kinafaa, kipi ukiache

Kila msimu wa kulima ukikaribia, swali moja hurudi katika kipindi chetu cha kilimo: "Plau langu limepasuka, na fundi wa hapa kijijini ana mashine ya kuchomelea. Je, achomelee au ninunue kipya?"

Jibu linategemea ni kipande gani kilichopasuka. Kuna vyuma ambavyo fundi wa kijijini akivichomelea vizuri vitadumu miaka. Vingine hata mshono wake ukipendeza vitakatika ukiwa katikati ya shamba, au barabarani ukiwa umepakia watu na magunia. Hifadhi makala haya kwenye simu yako, umsomee fundi kabla hajawasha mashine.

Jua chuma chako kwanza

Vifaa vinavyofungwa nyuma ya trekta vimetengenezwa kwa vyuma vya aina tatu.

Chuma laini: fremu ya plau, boriti za haro, bodi na fremu ya tela. Hiki huchomeleka kirahisi.

Chuma kigumu: diski, ncha za ripa, springi, ekseli na pini. Hiki kimepikwa kiwandani ili kisilike haraka, na kukichomelea kunahitaji uangalifu mkubwa. Vingine havifai kuguswa kabisa.

Kasti, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu: habu na nyumba za beringi katika vifaa vingi. Ukikigonga kwa nguvu hakipindi, kinavunjika. Kinahitaji rodi maalumu zenye nikeli na fundi anayekijua.

Kama huna uhakika, gusisha grinda kidogo kwenye chuma, utazame cheche mkiwa kivulini. Chuma laini hutoa cheche ndefu zenye matawi machache. Chuma kigumu hutoa cheche zinazopasuka kama kichaka, matawi mengi. Kasti hutoa cheche fupi, nyekundu iliyofifia.

Fremu ikipasuka: hatua kwa hatua

1. Uliza kwanza kwa nini imepasuka. Mara nyingi bolti zililegea, au plau liligonga kisiki. Ukichomelea ufa ukaacha bolti zimelegea, utarudi kwa fundi kabla msimu haujaisha.

2. Fungua plau kutoka kwenye trekta, ulilaze chini. Kama lazima kazi ifanyike likiwa limefungwa, toa waya za betri kwanza.

3. Safisha udongo, kutu, rangi na grisi hadi chuma king'ae. Mshono uliopita juu ya uchafu huwa na matundu ndani, hata kama juu unaonekana mzuri.

4. Tafuta mwisho wa ufa pande zote mbili, utoboe tundu dogo la milimita 3 hadi 5 kila upande. Tundu hilo huzuia ufa kuendelea kutembea.

5. Chimba ufa kwa grinda uwe na umbo la V, ili moto ufike ndani. Kupaka mshono juu juu ni kuficha ufa, si kuuziba.

6. Chagua rodi. Rodi ya E6013 ndiyo iliyozoeleka vijijini na inafaa kwa kazi nyepesi. Kwa fremu inayobeba mzigo, E7018 ni imara zaidi, lakini lazima iwe kavu kabisa. Ikivuta unyevu, mshono unaweza kupasuka baadaye. Rodi za milimita 2.5 kwa kawaida huchomwa kwa ampea 60 hadi 90, na za milimita 3.2 kwa ampea 90 hadi 130. Soma pakiti, maana kila mtengenezaji ana vipimo vyake.

7. Bana waya wa athi karibu na unapochomelea. Ukiubana mbali, umeme unaweza kupita kwenye beringi na kuiharibu.

8. Jaza V kwa tabaka. Kila tabaka likiisha, gonga ganda lote litoke na upige brashi ya waya.

9. Acha chuma kipoe chenyewe. Usimwagie maji.

Ukiongeza kipande cha kuimarisha, kikate kichongoke kwenye ncha zake, na usipitishe mshono kukatisha boriti kwa upana. Mshono unaokatisha boriti mara nyingi ndio mwanzo wa ufa mpya.

Ncha ya ripa iliyolika

Hapa ndipo kuchomelea kunaokoa fedha. Badala ya kusubiri ncha iishe, irudishie mapema kwa rodi za kuongeza ugumu. Rodi hizi si za kuunganisha vipande. Kazi yake ni kuweka ngozi ngumu juu ya ncha ili udongo usiile haraka, hasa udongo wa kichanga.

Pasha ncha moto kwanza kwa mkaa hadi tone la maji ukilidondosha lirukeruke badala ya kutulia. Weka tabaka moja au mawili upande unaokutana na udongo, kisha ifukie kwenye majivu makavu au mchanga mkavu ipoe polepole. Vijiufa vidogo juu ya ngozi hiyo ni vya kawaida kwa rodi nyingi za aina hii. Ila usirundike tabaka nyingi, kwa sababu zitabanduka.

Njia hiyo hiyo ya kupasha na kupoza polepole hutumika pale fundi anapounganisha kipande cha springi ya gari kwenye ncha. Akiichomelea ikiwa baridi, itakatika kando ya mshono.

Usivichomelee hivi

Diski iliyopasuka. Diski imepata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kiwandani. Moto wa kuchomelea huiharibu kazi hiyo: sehemu moja inalainika, nyingine inakuwa kavu kama kioo. Ikigonga jiwe, kipande kinaweza kuruka. Nunua nyingine.

Pini na mikono inayoshika plau kwenye trekta. Pini iliyolika ni ya kubadilisha. Usiweke nondo badala yake.

Shingo ya tela, pale inaposhika trekta. Ikikatika kwenye mteremko, tela halina wa kulizuia. Hii ni kazi ya karakana yenye fundi aliyesomea, na ikishatengenezwa ijaribiwe na mzigo kidogo kwanza, bila watu juu.

Rimu yenye tairi. Msikilizaji, hapa naomba unisikie vizuri. Moto kwenye rimu huchemsha hewa na mpira ndani, na tairi linaweza kulipuka kama bomu. Kutoa upepo peke yake hakutoshi. Tairi litolewe kabisa kwenye rimu.

Pipa au tangi lililowahi kubeba mafuta. Hata likionekana tupu, mvuke uliobaki unatosha kulilipua.

Macho na mwili wako

Miwani ya jua si kinga. Mwanga wa kuchomelea unahitaji kofia au ngao yenye kioo cheusi namba 10 au 11. Macho yaliyoungua huwa hayaumi papo hapo. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kama mtu kakumwagia mchanga. Usiweke maziwa wala dawa ya kienyeji, nenda zahanati. Na watoto wanaopenda kuja kutazama cheche, waondoe.

Usiingie chini ya plau lililonyanyuliwa na haidroliki peke yake. Mpira ukipasuka, linashuka bila kukuonya. Weka magogo imara au stendi.

Vaa viatu vilivyofunika mguu na nguo za pamba, fanya kazi penye hewa, na usichomelee mvuani au ukiwa umesimama kwenye maji. Fyeka nyasi kavu, weka ndoo ya mchanga karibu, na ukimaliza subiri nusu saa kabla ya kuondoka. Cheche iliyojificha kwenye nyasi huamka baadaye.

Kama fundi wa kijijini hatoshi

Kwa kasti, ekseli au shingo ya tela, ulizia ofisi ya SIDO ya mkoa wako au chuo cha VETA kilicho karibu, ambako ufundi huu unafundishwa. Nauli ya kupeleka kipande mjini ni ndogo kuliko hasara ya trekta kusimama wiki nzima mvua ikiwa imeshaanza.

Kagua vifaa vyako sasa, ardhi ingali kavu. Mvua ikishanyesha, foleni kwa fundi huwa ndefu, na fundi mwenye haraka haharibu chuma tu, huharibu na msimu wako.