Makaa ya mawe, kifuu cha nazi na umeme

Ukitaja makaa ya mawe watu wanawaza moshi na treni za zamani. Leo tuangalie kazi yake nyingine: kutunza umeme.

Kisa kinaanzia vitani. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungulia gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji. Majeshi yakahaha kutafuta vinyago, na kilichochuja sumu vizuri kuliko vitambaa kikawa mkaa uliojaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Wamarekani waliupenda mkaa wa vifuu vya nazi kwa ugumu wake. Mwaka 1918 raia wao waliokusanya kokwa za pichi walikuwa wanachangia vita, amini usiamini.

Vita vya Pili vikaja, nazi za Pasifiki zikaadimika. Hapo ndipo kampuni ya Pittsburgh Coke & Iron ilipogeukia makaa ya mawe, ambayo Pennsylvania yamejaa tele. Unayasaga, unayaoka bila hewa, kisha unayapitishia mvuke kwenye nyuzi 800 hadi 1,000. Mvuke unakula kaboni kidogo kidogo, inatoka kama gesi, yanabaki matundu. Gramu moja inaweza kuwa na mita za mraba 1,000 ndani yake. Gramu saba tu, uwanja wa mpira!

Eneo hilo ndilo alilotumia Howard Becker wa General Electric, aliyepata hataza mwaka 1957. Chovya vipande viwili vya kaboni hiyo kwenye maji yenye chumvi au asidi, unganisha umeme, na ioni zitajipanga kwenye kuta za vitundu. Kaboni yenyewe haibadiliki kama risasi ya betri ya gari, ndiyo maana inajaa kwa sekunde. Kinachonifurahisha ni kwamba hataza yenyewe inakiri haijulikani kwa uhakika nini kinatokea humo ndani.

Kampuni ya mafuta ya Standard Oil of Ohio ikaendeleza wazo, ikawaachia Wajapani wa NEC, walioingiza bidhaa sokoni mwaka 1978. Mwaka 2006 Shanghai ikawa na mabasi yanayochaji vituoni abiria wakipanda.

Na makaa ya mawe? Yana majivu na chuma, vitu vinavyovujisha chaji, hivyo lazima yaoshwe kwa asidi kwanza. Viwanda vingi vya vifaa hivi vimerudi kwenye kifuu, kile kile cha kutengenezea upawa. Wanaotetea makaa ya mawe wanayachanganya na potashi kali kabla ya kuyaoka, na hapo gramu moja hupita mita za mraba 2,000.