Cheti cha Anayefundisha Kazi

Cheti changu kinasema kwamba mimi ni mtaalamu wa kufundisha watu kazini. Kimetolewa na ATD, chama cha Marekani cha watu wa kazi hiyo, na hakipatikani kirahisi. Mwombaji awe ameifanya kazi hii walau miaka 5, awe na saa 60 za mafunzo yake mwenyewe katika miaka 3 ya karibuni, ndipo aruhusiwe kuketi mtihani. Baada ya miaka 3 mingine hukihuisha, ama kinakwisha nguvu. Katika kujiandaa usiku, watoto wakishalala, nilijikuta nikisoma zaidi historia ya kazi yenyewe.

Mwaka 1919 Mmarekani Charles Allen alichapa kitabu juu ya kufundisha mafundi, baada ya kazi yake ya kuandaa wakufunzi wa viwanda vya meli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alitaja hatua nne: kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha, kumwachia afanye, na kumpima. Vita vya pili vilipokaribia, serikali ya Marekani ilizichukua hatua hizo karibu kama zilivyo. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1945 mpango uliojulikana kama TWI ulipita katika viwanda zaidi ya 16,000 na kutoa vyeti kwa watu zaidi ya milioni 1.6.

Sasa tazama, msomaji, cheti hicho kilivyopatikana. Somo la kufundisha kazi lilikuwa la saa 10 tu. Mkufunzi alianza na fundo dogo la waya wa umeme, lile la kuzuia waya usichomoke kwenye taa. Kwanza alimweleza mtu kwa maneno matupu jinsi ya kulifunga; mtu akashindwa. Kisha akamwonyesha bila maelezo, akashindwa tena. Ndipo akalifundisha kwa hatua zote nne, na fundo likafungika. Baada ya hapo kila msimamizi alileta kazi ya kiwandani kwake, akaifundisha mbele ya wenzake wakimtazama. Kanuni yao ilikuwa kali: mfanyakazi asipojifunza, basi mwalimu hakufundisha.

Chama chenyewe kilianza humo humo vitani. Wakuu wa mafunzo 15 walikutana New Orleans mwaka 1942, katika mkutano wa watu wa mafuta, na chama kikaundwa mwaka 1943. Cheti cha kitaaluma kilikuja baadaye sana, mwaka 2006. Mwanzoni mwombaji alijibu maswali na pia kuwasilisha kazi aliyoifanya ili ipimwe. Sehemu hiyo ya pili baadaye iliondolewa. Mimi niliyepitia maswali peke yake naona kilichopungua hapo ni kikubwa.

Nasema hivyo kwa sababu ya mzee aliyenifundisha kukereza chuma. Sijui kama aliwahi kumsikia Allen. Alikuwa akikuuliza kwanza unajua nini, anakereza taratibu huku akisema kwa nini, kisha anakuachia mashine na kurudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni. Karakana ile ilipotafuta mkufunzi, alichukuliwa kijana mwenye karatasi. Mzee aliendelea kuletewa wanagenzi kimyakimya, kwa mshahara ule ule wa fundi.

Siku hizi VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Ni jambo jema, ila hapo kinachopimwa ni ufundi wa mtu. Namna anavyomfundisha mwingine haiulizwi. Mzee wangu alistaafu kabla ya mpango huo. Kati ya aliowafundisha nawajua watano, na wawili wao leo ni wakufunzi wenye vyeti.