Jinsi baridi inavyoua mti wa mpira

MPIRA ni mti wa joto. Asili yake ni bonde la mto Amazon, ambako halijoto hubadilika kidogo tu mwaka mzima. Hata hivyo, Uchina huukuza katika kisiwa cha Hainan na mkoa wa Yunnan, kaskazini mwa maeneo yake ya kawaida. Kilimo hicho kilipanuliwa sana miaka ya 1950, nchi hiyo ilipowekewa vikwazo vya biashara wakati wa Vita vya Korea na kulazimika kujitafutia malighafi ya matairi.

Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 10 za sentigredi, mti hudumaa. Chini ya nyuzi 5, majani na machipukizi hudhurika. Ikikaribia sifuri, matawi hukauka kuanzia ncha, gome hupasuka na utomvu huchuruzika wenyewe.

Lakini hatima ya mti haiamuliwi na kipimajoto pekee. Huko Yunnan, adui ni usiku mtulivu usio na mawingu. Ardhi hupoteza joto, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama bondeni. Mti wa mteremkoni hunusurika ilhali ule wa bondeni unaungua. Wakulima wa majani chai wa Kericho, walioshambuliwa na sakitu Januari 2012, wanaifahamu hila hiyo. Hainan nayo hukumbwa na upepo wa kaskazini ulioandamana na mawingu na manyunyu. Baridi yake si kali mno, ila hudumu siku nyingi mfululizo bila jua la kuufufua mti.

Ndiyo maana Yunnan ugemaji husitishwa kuanzia Novemba hadi karibu mwisho wa Machi. Katika baridi utomvu hukawia kuganda, hivyo huendelea kutiririka mgemaji akiwa ameshaondoka, nacho kidonda cha gome huchelewa kupona.

Aina ya mti nayo ina uzito wake. GT 1 hustahimili baridi kuliko RRIM 600, na 93-114 ya Uchina huzishinda zote mbili, ingawa utomvu wake ni haba. Hapo mkulima hana budi kuchagua kati ya mavuno na usalama.

Akikosea, gharama ni kubwa. Mpira hupandikizwa juu ya shina la mche mwingine. Baridi ikiua hadi chini ya kiungo, kitakachochipuka si ile aina bora aliyoinunua. Itambidi ang'oe, apande upya na kungoja takriban miaka 7 kabla ya kugema tena.