Ukumbi wa Badia

Adhuhuri ya Jumamosi, tarehe 26 Januari 1952, waandamanaji waliojaa hasira waliingia katika uwanja wa Opera, katikati ya mji wa Cairo. Siku moja kabla, katika mji wa Ismailia, majeshi ya Waingereza yalikuwa yameshambulia kituo cha polisi wa Kimisri na kuwaua wapatao 50. Yasimuliwa kwamba barazani pa Kasino Opera alikuwa amekaa ofisa mmoja wa polisi, kinywaji mkononi na mwanamke ubavuni, na kwamba mmoja wa waandamanaji alimkabili akamwuliza vipi yeye anastarehe ilhali damu ya wenzake haijakauka. Maneno yakazaa maneno. Viti na meza vikarundikwa, moto ukawashwa. Kasino Opera likawa jengo la mwanzo kuteketea katika siku ambayo Wamisri wameipa jina la Jumamosi Nyeusi. Hadi giza linaingia, majengo yapatayo 750 yalikuwa yameungua au kuharibiwa: mahoteli, masinema, mabenki, maduka na mikahawa. Nani hasa aliyeupanga moto ule, jambo hilo halijathibitika hata leo.

Msomaji wa Unguja, Pemba, Lamu au Mvita aweza kuuliza: moto wa Cairo unatuhusu nini? Wengi wa watu wa mwambao hawakupata kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Hata hivyo masikio yao yalikuwa mle ndani kwa miaka mingi. Sauti walizozipenda katika sahani za santuri, na sura walizozitazama katika pazia la sinema, nyingi zilipitia mikononi mwa mwanamke aliyeanzisha kasino ile. Jina lake lilikuwa Badia Masabni.

Neno kasino lisimpotoshe msomaji akadhani kuwa ni nyumba ya kamari. Katika matumizi ya Kimisri, kasino ni mahali pa kula na kunywa, aghalabu penye hewa ya mto au bustani, ambapo watu huketi na jamaa zao kuburudika. Badia aliongeza jukwaa, wanamuziki, waimbaji, wachekeshaji na wachezaji ngoma, na kwa kufanya hivyo akaunganisha mkahawa na tamthilia chini ya paa moja.

Hakuwa Mmisri kwa kuzaliwa. Alizaliwa Damascus, katika nchi ya Sham, mwaka 1892, na akiwa bado mtoto alichukuliwa na jamaa zake hadi Argentina. Aliporejea Mashariki alijiingiza katika kazi ya jukwaani, akafika Cairo, akaolewa na Naguib el-Rihani, mchekeshaji mashuhuri kuliko wote wa zama zile. Ndoa ile haikudumu, lakini kazi ilidumu. Mwaka 1926 alifungua ukumbi wake mwenyewe katika mtaa wa Emad el-Din, mtaa uliosheheni majumba ya tamthilia. Watu wakauita Sala Badia, yaani ukumbi wa Badia, na jina likabaki hilo hata nyumba ilipobadilika.

Utaratibu wa usiku mmoja katika ukumbi huo ulikuwa wa kupokezana. Mwimbaji akiondoka huingia mchekeshaji; mchekeshaji akimaliza huingia mchezo mfupi wa kuigiza; kisha mchezaji ngoma, kisha mwimbaji mwingine. Mteja aliyekuja kwa ajili ya chakula aliondoka na wimbo, na aliyekuja kwa ajili ya wimbo alijikuta anacheka. Badia alitenga pia alasiri maalumu kwa ajili ya wanawake peke yao, wakaweza kuja kusikiliza na kutazama bila ya jicho la mwanamume. Kwa mji wa miaka ile, jambo hilo halikuwa dogo. Joto lilipozidi, burudani ilihamia kandokando ya mto Nili, upande wa Giza, katika kasino ya wazi iliyokuwa karibu na mahali ilipokuja kujengwa hoteli ya Sheraton. Daraja lililokuwa jirani liliitwa Daraja la Waingereza, lakini watu wa mji walizoea kuliita Daraja la Badia. Si wengi katika historia walioshindana na dola ya Kiingereza kwa jina la daraja wakashinda ndimini mwa watu.

Mwaka 1940 Badia alifungua nyumba kubwa zaidi katika uwanja wa Opera, yenye mkahawa, mahali pa kulia chakula na ukumbi wa jukwaa. Hiyo ndiyo Kasino Opera. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeujaza mji wa Cairo askari wa mataifa mengi, na biashara ilinawiri. Lakini thamani ya nyumba za Badia haipimwi kwa mapato yake. Yapimwa kwa watu waliojifunzia humo kazi zao.

Farid al-Atrash, kijana wa Kidruzi aliyekimbilia Misri pamoja na mamaye na nduguze, alipiga udi na kuimba katika ukumbi wa Badia kabla ya jina lake kuenea. Dada yake Asmahan, ambaye alikufa maji mwaka 1944 angali kijana, naye aliimba humo. Tahia Carioca alianzia humo, akapata lakabu yake kutokana na ngoma ya Kibrazili aliyoicheza jukwaani pa Badia. Samia Gamal alipita humo humo, na baadaye yeye na Farid wakawa mashuhuri pamoja katika filamu ya Habib al-Omr ya mwaka 1947. Mtu akiyaondoa majina hayo katika filamu za muziki za Kimisri za miaka ya 1940 na 1950, kitakachobaki ni kichache.

Muziki wenyewe nao ulibadilika katika kumbi za namna hii. Zamani mwimbaji wa Kiarabu alisindikizwa na takhti, kikundi kidogo cha udi, kanuni, nai, fidla na riki, kinachotosha chumba cha tajiri na wageni wake. Ukumbi mkubwa, kisha filamu, vilitaka sauti inayojaza nafasi. Fidla zikaongezwa zikawa safu nzima, zikaingia sello na besi, na kodiani ikapata nafasi yake. Kikundi kikawa firka. Ngoma nayo ilipanuka: mchezaji aliyezoea kucheza mahali padogo alipewa jukwaa pana, akajifunza kutembea nalo na kutumia mikono na mwili mzima.

Hapa ndipo visiwa vyetu vinapoingia katika hadithi. Uhusiano wa Unguja na muziki wa Cairo ulianza kabla ya Badia kuzaliwa. Simulizi zetu zasema kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Kimisri akaufikisha katika kasri lake, na kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Kutoka kasrini taarabu ikatoka mjini. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Akhwani Safaa, na kwa miaka mingi nyimbo zake ziliimbwa kwa Kiarabu. Ilipofika zama za sahani za santuri na filamu, mwalimu hakuhitaji tena kusafiri. Watu waliingia katika masinema ya mjini Unguja kutazama filamu za Kimisri, wakatoka na lahani vinywani. Vikundi vya taarabu navyo vikakua kwa namna ile ile ya firka: safu ya fidla, kanuni, udi, nai, kodiani, sello na besi.

Mshairi wa Kiswahili alikuwa na kazi ngumu na tamu katika mabadiliko hayo. Alipewa lahani iliyotungwa kwa lugha yenye silabi ndefu na fupi, naye akatakiwa kuivika maneno ya lugha inayohesabu mizani. Beti zetu za mishororo mitatu, zenye vina vya kati na vya mwisho, zilipaswa kuketi juu ya lahani bila ya kuvunja kina wala kulemaza maana. Wapo waliofanikiwa hata msikilizaji akaapa kwamba lahani ile ilizaliwa Malindi au Vuga. Na huenda safari yake ilianzia jukwaani, mbele ya meza za watu wanaokula, katika nyumba ya mwanamke wa Sham.

Haifai, hata hivyo, kuipamba nyumba ile kupita kiasi kwa sababu imeshapotea. Katika kumbi za Cairo za zama hizo ilikuwa desturi kwamba mwanamke akishuka jukwaani huketi na wateja ili wazidi kununua vinywaji, na faida ilikwenda kwa mwenye nyumba. Nyumba za Badia hazikuepukana na desturi hiyo. Wasanii waliojipatia jina humo walijipatia pia lawama, na wanawake walilaumiwa zaidi kuliko wanaume waliokaa mezani. Yule ofisa wa barazani, ikiwa simulizi ni ya kweli, alikuwa amekaa katika kiti cha desturi hiyo hiyo. Waliochoma nyumba hawakuona shule ya muziki. Waliona ulevi, fedha za wageni na fedheha katika siku ya msiba. Hasira yao ilikuwa na sababu.

Mizani hiyo ya sifa na lawama haikuwa ngeni kwetu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodiwa sauti yake, alikuwa akiimba katika miaka ile ile ambayo Badia alikuwa akikuza ukumbi wake. Naye aliwaalika watu kusikiliza, na naye alisemwa. Tofauti ni kwamba Siti, aliyefariki mwaka 1950, alimpata Shaaban Robert wa kumwandikia wasifu, na kitabu hicho kimemweka katika heshima ya taifa na ya lugha. Badia ilimbidi amsimulie mwandishi habari za maisha yake yeye mwenyewe, zikachapwa Beirut, mbali na mji alioutumikia.

Kwani siku ya moto, nyumba haikuwa yake tena. Karibu na mwaka 1950, akiandamwa na madai ya kodi, Badia aliiacha Kasino Opera mikononi mwa Beba Ezz el-Din, mchezaji aliyekuwa mwanafunzi wake, akatoroka Misri. Yasimuliwa kwamba aliondoka kwa ndege ndogo. Beba naye hakukaa sana. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1951. Basi moto wa Januari 1952 uliikuta nyumba ikiwa imeshawapoteza mabibi wawili. Badia alifanya makazi Chtaura, katika bonde la Bekaa nchini Lebanon, kwenye njia ya Beirut na Damascus, akafungua duka la kuuzia wasafiri maziwa, jibini na vyakula. Aliyewalisha watu wa Cairo kwa nyimbo alimalizia umri wake akiwalisha wapita njia bila ya jukwaa. Alifariki mwaka 1974, mwaka ule ule aliofariki Farid al-Atrash.

Miongoni mwa waliohifadhi kumbukumbu ya nyumba ya Nili ni Edward Said, mwanachuoni wa Kipalestina aliyekulia Cairo. Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 14, alikwenda na wenzake wa skuli katika kasino ya wazi ya Badia kumtazama Tahia Carioca, Abdel Aziz Mahmoud akiimba. Miaka 40 baadaye, akiwa profesa mashuhuri, aliandika makala ya kumsifu mchezaji yule, na humo akalalamika kwamba hakuna hazina yoyote ya kumbukumbu iliyokusanya kikamilifu filamu na picha za kazi yake. Mtu aliyeandika vitabu kuhusu dola na elimu aliona kwamba usiku mmoja wa utotoni, kwenye meza ya mbali na jukwaa, unastahili kuandikwa kwa makini yale yale.

Baada ya moto mambo yalikwenda haraka. Tarehe 23 Julai 1952 maofisa wa jeshi walichukua madaraka, na mfalme Farouk akaondoka. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, watu wa Unguja wakiwa miongoni mwa watangazaji, na mwambao ukaanza kuisikia Misri kwa sauti ya siasa ya ukombozi. Waingereza walipoondoka, daraja la Giza lilibaki na jina la Galaa, yaani kuondoka kwao. Jumba la Opera lenyewe, lililoupa uwanja jina lake, liliungua mwaka 1971.

Jina la Waingereza liliondolewa kwa haki. La Badia halikuwahi kuandikwa popote darajani, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kulifuta. Lilingoja tu wazee waliolizoea wapungue. Huku visiwani halikupata hata kujulikana na wengi. Lakini katika harusi, au katika usiku wa taarabu, kanuni inapomaliza dibaji yake na safu ya fidla ikaingia kwa pamoja kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, wanaosikiliza wanasikia namna ya kupiga iliyokuzwa katika kumbi za Cairo. Waimbaji wa Kimisri tumewataja kwa majina yao na tumewapenda. Mwenye nyumba naye atajwe.